Bwana Harusi wa Kiti Kitupu

Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, saa kumi na moja kasoro robo jioni, kando ya ziwa la chumvi upande wa Getanuwas, kiti kisichokuwa na mtu kilididimia mbele ya macho ya Farida. Hakikuanguka wala hakikuyumba. Miguu yake yote ilizama taratibu kwenye chumvi, sawasawa, kama inavyozama pale mtu mzima anapokaa na kujiegemeza. Farida alikiona. Alipoulizwa baadaye, alisema hakuona kitu.

Hapakuwa na harusi siku ile. Palikuwa na picha za harusi tu. Farida alikuwa mpambaji pale Katesh, mwenye duka la kukodisha mashela na mapambo nyuma ya stendi, na alikuwa amechoka na wateja wanaomwonyesha picha za Dar es Salaam kwenye simu na kusema, "Nataka kama hii." Alitaka picha za kwao. Alitaka mlima Hanang uonekane nyuma ya bibi harusi, na chumvi nyeupe iwe zulia. Akawaita wenzake washirikiane, kila mmoja alete kazi yake, na picha ziwe za wote. Mudathir, mpiga picha wa Mbulu mjini, alikubali siku ileile. Kornelia, muoka keki wa Dongobesh, mama mmoja wa Kiiraqw mcheshi asiyekosa kanisani Jumapili, naye alikubali, ila kwa sharti moja.

"Keki yangu sitaki ile ya ghorofa ghorofa," alisema kwenye simu. "Nitaoka yenye umbo la kibuyu cha maziwa. Kama hamtaki, tafuteni muokaji wa mjini."

"Kibuyu, dada Kornelia? Watu watacheka."

"Wacheke, halafu waagize."

Bibi harusi wa picha alikuwa Zulfa, mdogo wake Farida wa tumbo moja, binti mpole ambaye alikuwa hajaposwa na mtu, akingojea majibu ya chuo cha uuguzi. Bwana harusi angekuwa Safari, fundi simu, kwa sababu tu alikuwa mrefu na kanzu ilimkaa vizuri. Walipanga kwa majuma. Walibishana juu ya rangi, wakakubaliana rangi ya maziwa na kijani cha majani makavu. Farida alichora mwenyewe mahali pa kila kitu: viti viwili vya dhahabu, mkeka, keki juu ya kigoda, na mlima nyuma yake. Mama yao aliwatazama wakifunga mizigo akasema, "Mungu awajaalie siku moja iwe ya kweli." Wote wakaitikia amina.

Siku yenyewe pikipiki ya Safari iliharibika njiani, Nangwa. Walimngoja mpaka kivuli cha mlima kikaanza kushuka.

"Mwanga hautungoji," Mudathir alisema. "Kivishe kiti."

"Kivae nini?" Farida aliuliza.

"Kanzu, joho, kilemba. Vitandaze kwenye kiti, Zulfa akae pembeni. Tutaiita picha ya bwana harusi anayesubiriwa. Hakuna aliyewahi kuipiga huku kwetu."

Kornelia alicheka mpaka akashika kiuno. "Zulfa, umepata mume wa maana. Hali, hanywi, hatoki usiku."

"Na hana mama mkwe," Zulfa alijibu, na wote wakacheka tena.

Picha zilitoka nzuri kupita walivyotarajia. Ndipo Mudathir alipotaka video, na video, alisema, bila sauti ya ijabu, maneno ya kumwozesha binti, ni bubu. Aliyewaleta na mizigo yao alikuwa Selemani, kaka mkubwa wa Farida na Zulfa, mfanyabiashara wa ng'ombe minadani. Tangu baba yao afariki, Selemani ndiye aliyekuwa walii wa dada zake, mwenye kuwaozesha. Alikataa.

"Maneno yale si ya kuchezea," alisema.

"Kaka, ni kuigiza tu," Farida alisema. "Nani ataolewa na kiti?"

"Basi nitaje jina la kubuni."

"Jina la kubuni litasikika la kubuni. Taja la Zulfa mwenyewe, sauti itoke moyoni."

Farida alijua alichokuwa akisema. Tangu utotoni, akiwa amekaa kwenye jamvi la madrasa, alifundishwa kwamba ndoa ni moja ya mambo ambayo mzaha wake ni kweli. Mafundisho hayo yalimjia pale pale, wazi kabisa, naye akayasukuma kando kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri.

Selemani alisimama mbele ya kiti kitupu. Alinyoosha mkono, akashika ncha ya mkono wa kanzu, akasema, "Nimekuozesha dada yangu, Zulfa binti Issa, kwa mahari tuliyokubaliana."

Upepo, ambao ulikuwa ukipiga tangu asubuhi, ulinyamaza. Kiti kikadidimia. Na Zulfa, aliyekuwa ameambiwa aangalie chini kwa haya, alinyanyua uso akageukia kiti taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa upole.

"Imetosha," Mudathir alisema. "Fungeni."

*

Siku chache baadaye Mudathir alikuja dukani na laptop kwapani. Alifunga mlango kabla ya kusalimia.

"Sikiliza hapa," alinong'ona. "Halafu uniambie ni nani."

Farida aliweka spika za sikioni. Alisikia upepo, akasikia Kornelia akikohoa, akasikia sauti ya kaka yake ikimaliza maneno yake, kisha upepo ukakatika, na katika ule ukimya, karibu sana na kinasa sauti, karibu kuliko Selemani mwenyewe, mwanaume alisema kwa utulivu, "Nimekubali kumuoa," na kabla Farida hajavuta pumzi zilifuata sauti nyingine, za wanaume wengi, wazee kwa vijana, kutoka mbali ya ziwa ambako hapakuwa na mtu wala mti wala jiwe la kujificha, zote zikisema kwa pamoja, polepole, kama watu walioketi safu kwa safu msikitini, "Tumeshuhudia."

Alivua spika.

"Tuifute," Mudathir alisema. "Au tumpelekee sheikh."

Farida alitazama kwenye kioo cha laptop. Zulfa alikuwa amekaa kando ya kanzu, chumvi inang'aa, mlima umesimama nyuma yake kama alivyouchora. Hakuna mtu Katesh, Babati wala Singida aliyekuwa na picha kama ile.

"Ondoa sauti," alisema. "Weka kaswida juu yake. Halafu irushe mtandaoni."

"Dada Farida."

"Irushe, Mudathir."

Iliporushwa, simu ya Farida haikutulia. Wateja walipiga, naye akazipokea simu zote.

Nyumbani, Zulfa alianza kunuka magadi. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya ziwa lililokauka, kali kidogo puani, nayo ilimtangulia mlangoni. Alfajiri pindo la gauni lake la kulalia lilikuwa limelowa na limekakamaa kwa chumvi. Alipakua chakula sahani mbili na kusahau kwamba alikuwa peke yake. Walimpeleka hospitali, wakampima damu na kila kitu, wakaambiwa hana ugonjwa, ale vizuri apumzike. Lakini alikuwa anapungua. Mashavu yaliingia ndani, na sauti yake ikawa ya mtu anayezungumza huku akimsikiliza mwingine.

Jioni moja Farida alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa umetandikwa vizuri.

"Dada," Zulfa alisema, "Safari alikuja siku ile?"

"Hakuja. Unajua hakuja."

"Basi aliyenishika mkono tulipokuwa tunarudi kwenye gari ni nani?"

Farida aliokota khanga iliyoanguka, akaikunja.

"Ana adabu," Zulfa aliendelea, kwa sauti ndogo. "Hanipigi. Hanifokei. Nikilia ananiambia nisimlaumu yeye, maana hakuniiba. Ananiambia nilitolewa na watu wangu wenyewe." Alimgeukia Farida. "Dada, waambieni yeye na watu wake mlikuwa mnatania."

"Nitawaambia," Farida alisema.

Hakuwaambia.

*

Mama yao ndiye aliyemwita Sheikh Shumbana, mzee aliyewafundisha wote madrasa na aliyejulikana kwa kuwasomea wagonjwa wa majini bila kudai chochote. Alikuja baada ya swala ya alasiri. Selemani alikuwa mnadani, mbali. Chumbani walikuwa mama, Farida, na Kornelia, ambaye alikuwa amekuja kutoka Dongobesh kumwona mgonjwa na akaomba abaki, amesimama karibu na mlango mikono kifuani.

"Shikamoo sheikh," Farida alisema.

"Marahaba, binti. Funga dirisha."

Alisoma Fatiha, akasoma Ayatul Kursiy, akasoma sura za kinga kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Harufu ya magadi ilipanda mpaka macho yakaanza kuwawasha. Midomo ya Zulfa ikafunguka, na iliyotoka haikuwa sauti yake. Farida aliitambua. Ilikuwa ileile, tulivu, ya karibu.

"Shikamoo sheikh," ilisema.

Sheikh hakuitikia. "Toka katika kiwiliwili cha huyu binti," alisema.

"Nitoke niende wapi, mzee? Mtu hutoka kwenye nyumba aliyoivunja. Mimi sikuvunja. Nimeoa. Walii wake alimtaja kwa jina lake na jina la baba yake, na mashahidi wangu walikuwepo. Muulizeni dada yake."

Mama aligeuka. Kornelia aligeuka. Sheikh alikuwa wa mwisho kugeuka, naye hakugeuka kwa hasira.

"Jini hana amana," alisema. "Siwezi kulichukua neno lake nikaliacha la Muislamu. Nakuuliza wewe, Farida, mbele ya mama yako. Mlipokuwa mnaigiza huko ziwani, mlitaja jina la huyu mtoto?"

Mama yake alikuwa anamtazama. Farida aliona uso ule uliozeeka kwa siku chache, akafikiria uso huo ukijua kwamba ni yeye, mtoto wake mkubwa wa kike, aliyemsukuma kaka yake.

"Hapana, sheikh," alisema. "Tulitaja jina la kubuni."

"Unaona," Sheikh Shumbana alimwambia yule aliyekuwa ndani. "Mwongo wewe."

Yule hakubisha. Alicheka kidogo, cheko la mtu mzima aliyemsikia mtoto akidanganya. Kisha macho ya Zulfa yakafunguka, na yalikuwa macho yake mwenyewe, ya siku zote. Yalimtazama Farida. Hayakuwa na hasira. Yalimtazama tu, kwa muda, kisha yakajifumba.

Kornelia alimfuata Farida uani.

"Mimi si wa dini yenu," alisema polepole, "na sijui utaratibu wenu. Lakini nilikuwepo, Farida. Nilisikia jina. Hata ile keki, Mudathir alipomwambia Zulfa amlishe bwana harusi kwa ajili ya picha, kile kipande nilikitafuta chini kwenye chumvi nikikusanya vyombo vyangu. Hakikuwepo. Nilinyamaza nikidhani ni ndege."

"Nitasema kesho."

"Sema leo."

"Kesho, dada Kornelia. Mama anaumwa presha."

"Nakuombea," Kornelia alisema, akaingia ndani.

Ile kesho ilipita, na nyingine ikapita. Sheikh alirudi na kusoma tena, na kila alipomaliza alitoka akiwa amechoka zaidi, akisema hajapata kuona jini aliyekaa namna hii, asiyepigana wala asiyetoka. Farida alikuwa akimletea maji ya kunywa huku ameinamisha kichwa. Wateja waliendelea kupiga. Mmoja alitaka "ile ya kiti kitupu." Farida alizima simu, akaenda msalani, akalia huku amejiziba mdomo kwa khanga.

*

Asubuhi Zulfa alipokataa hata maji, Farida alikimbia msikitini. Sheikh Shumbana alikuwa anarudishia mlango baada ya swala ya alfajiri.

"Sheikh, nilikudanganya," alisema. "Jina lilikuwa lake. Aliyelisema ni Selemani, walii wake. Hakutaka. Mimi ndiye niliyemsukuma."

Mzee alikaa kwenye kizingiti.

"Siku zote hizi namfukuza kama mwizi," alisema. "Kumbe mlimkaribisha."

"Ndoa hii ipo, sheikh?"

"Mbele ya Mungu haipo. Hakuna mwanadamu wa kumwozesha jini, kwa kweli wala kwa mzaha. Lakini huyu hangoji fatwa yangu. Amekamata neno la kaka yako, na neno hilo sina uwezo wa kulinyang'anya mimi. Anayelirudisha ni aliyelitoa. Ningelijua siku ya kwanza, Selemani angeitwa siku ileile." Alimwinulia macho. "Ulifundishwa haya, Farida. Nilikufundisha mimi."

"Ulinifundisha."

"Mpigie."

Selemani aliwakuta njiani, na kabla ya adhuhuri walikuwa kando ya ziwa. Upepo haukuwepo. Matundu manne ya miguu ya kiti yalikuwa bado pale kwenye chumvi, makali kama yaliyochimbwa asubuhi ile. Selemani alisimama mbele ya matundu hayo. Alikuwa mwanaume mkubwa, mzoefu wa kusukumana na madume ya ng'ombe, lakini aliinamisha kichwa kama mtoto.

"Niliyesema ni mimi, Selemani bin Issa," alisema. "Sikuwa na haki ya kukuozesha, na wewe huna haki ya kuoa kwetu. Neno langu nalirudisha. Mwache dada yangu. Nakuomba. Mwache."

Walingoja. Sheikh alisoma kimyakimya. Kisha upepo ukaja, kutoka upande wa mlima, wa baridi na safi, ukaivuta ile harufu ya magadi na kuipeleka mbali. Selemani alianza kulia. Sheikh alishusha mikono.

"Amesikia," alisema. "Alhamdulillah. Amemwacha."

Simu ya Farida iliita. Alikuwa mama.

"Rudini nyumbani," mama alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Mwenzenu amepumzika. Sasa hivi tu. Alivuta pumzi moja ndefu, kama mtu anayetua mzigo."

*

Walimlaza katika chumba cha ndani, wakamfunika, wakafunga mlango. Uani wanawake walichemsha maji na majani ya mkunazi. Farida alikaa kwenye kigoda nje ya mlango ule, kwa sababu hakuweza kukaa na watu, na hakuna aliyeingia. Hilo aliliapia baadaye na walimwamini. Alisikia maji yakimwagika, akadhani ni ya uani. Aliyasikia tena, kidogo kidogo, yakimiminwa kwa kikombe na mtu asiye na haraka, na akajiambia kwamba ni uani, na akaendelea kujiambia hivyo hata pale wanawake walipokuja na sufuria ya kwanza mikononi mwao, ikiwa bado imejaa, na mama akasukuma mlango, na ile harufu waliyoiacha ziwani ikawatokea usoni, na wakamwona Zulfa amelala ameelekezwa kibla, shuka safi imemfunika, sakafu yote imelowa, nywele zake zimechanwa na kusukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma ya kichwa kama inavyopaswa kusukwa kwa maiti mwanamke, uso wake unang'aa maji, na juu ya kila kidole chake, mikono na miguu, kuna tone dogo jeupe la chumvi linalokauka.

Alikuwa ameshaoshwa.

Sufuria ilianguka. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mwanamke mle ndani alijua kwamba mwanaume mmoja tu, asiye baba wala kaka wala mwana, huruhusiwa kumwosha mwanamke akifa: mume wake.

"Nani ameingia humu?" mama aliuliza.

Farida alikwenda mpaka baraza ya nje akamweleza Sheikh Shumbana kwa kunong'ona. Mzee alifumba macho.

"Hana haki hiyo," alisema. "Fungueni misuko. Mwosheni upya."

Walimwosha upya. Farida ndiye aliyemimina maji, na alimimina mpaka mama akamshika mkono.

Walipomtoa uani kwenye jeneza, wanaume wakajipanga. Wanawake walisimama nyuma, ukutani. Sheikh alikuwa ameshapiga hatua kwenda mbele, akasimama, akarudi mpaka alipokuwa Farida, na akasema kwa sauti ambayo mama, Selemani na majirani wote waliisikia.

"Katika dua ya maiti kuna sehemu inamhusu mume. Kwa binti ambaye hajaolewa, mimi huwa naiacha. Sasa nakuuliza wewe, Farida, na niambie kweli. Niiache au niiseme?"

Mama aligeuka akamtazama, bila kuelewa. Kornelia, aliyekuwa amemshika mama mkono, aliinamisha kichwa. Kosa lile Farida alikuwa amelificha kwa ajili ya uso ule wa mama.

"Iseme, sheikh," alisema. "Tulimwoza. Ni mimi niliyetaka jina lake litajwe. Nilidanganya, na uongo wangu ndio uliomchelewesha Selemani."

Mama alitazama jeneza, akamtazama binti aliyebaki. Alijitoa mkononi mwa Kornelia, akaja akasimama bega kwa bega na Farida, akainua mikono yake miwili, na hakumtazama tena.

Sheikh Shumbana alikwenda mbele akapiga takbira. Na ulipofika wakati wa kumwombea, Farida aliyafuata maneno yale moja moja.

Ewe Mola, msamehe Zulfa binti Issa na umrehemu, umpe afya na umfutie makosa. Mkaribishe kwa ukarimu na uyapanue maingilio yake. Mwoshe Wewe, kwa maji na theluji na barafu, umtakase kama inavyotakaswa nguo nyeupe na uchafu. Mbadilishie nyumba iliyo bora kuliko nyumba yake, na watu walio bora kuliko sisi watu wake, na mume aliye bora kuliko mumewe. Amina.